Tupeane uzoefu: ruta ya mkono imeshawahi kukurukia?

Mninga Mkavu
Wakuu, habari za kazi. Siku hizi karibu kila karakana ina ruta, ile mashine ya kuchonga mifereji na kingo za mbao kwa kisu kinachozunguka, ila vijana wengi wanakabidhiwa tu: shika hivi, washa, sukuma. Kile kisu kwenye mashine ndogo kinafika mizunguko 30,000 kwa dakika. Kila mtu aseme alichokiona.

Naanza na upande wa kusukuma. Kisu kinazunguka kufuata mshale wa saa ukikitazama kwa juu. Kwa hiyo kingo za nje za ubao unazizunguka kinyume cha saa, na ndani ya fremu unakwenda na saa. Ukienda sawa utahisi ubao unakukatalia kidogo, na huko kukataa ndiko kunakokupa uwezo wa kuitawala mashine. Ukigeuza, kisu kinashika ubao kama tairi na ruta inakutoroka mkononi.

Swichi Zima
Mkuu umesahau umeme wetu. Karakana niliyokuwepo ulikatika kazi ikiendelea. Kijana akaiweka ruta mezani, swichi ni ile ya kusukuma inayobaki ilipo, akaenda zake kunywa chai. Umeme uliporudi mashine ikaamka yenyewe, ikajiburuta na waya wake hadi kwenye top ya mvule iliyokuwa inasubiri gari la mteja. Hakuumia mtu, ila ile top ilirandwa upya. Pale sasa umeme ukikatika, plagi inatoka kwanza, chai baadaye.

Dada Randa
Mimi nina kesi na wauza visu. Ruta nyingi za mtaani zina koleti (kile kibano kinachoshika shina la kisu) ya robo inchi, yaani milimita 6.35. Unakwenda dukani unapewa kisu chenye shina la milimita 6, muuzaji anakwambia "hiyo inaingia, dada." Kuingia inaingia, hata kubana utaona imebana. Ukianza kazi kisu kinashuka taratibu: mfereji ulioanza na kina cha milimita 5 unamalizia na 8, na siku mbaya kinachomoka kabisa. Kwenye nusu inchi ni hivyohivyo, 12 na 12.7 si ndugu. Nenda dukani na vernia yako (kile kipimo cha unene), muuzaji akununie tu.

Jingine: shina usilisukume mpaka likagota chini. Lirudishe juu milimita 2 au 3. Koleti ikikazwa hulivuta shina chini kidogo, na likiwa limeshagota, spana itakwambia imekaza wakati haijabana vizuri.

Kipande cha Mtiki
Glavu tunavaa au hatuvai?

Swichi Zima
Za kitambaa hapana. Uzi ukinaswa, mkono unafuata. Miwani na vizibo vya masikio ndiyo, na kwa MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) barakoa ya kweli, siyo leso.

Fundi wa Ngong Road
Mninga Mkavu, hapo kwa kugeuza mwelekeo napinga kidogo. Mbao ambayo nyuzi zake zimegeuka, ukienda kawaida inang'oka vipande. Pasi ya mwisho, yaani kuipitisha ruta mara ya mwisho, ya nusu milimita hivi, mimi huenda upande ule uliogeuzwa na inatoka safi.

Mninga Mkavu
Kwako wewe sawa, mbao imebanwa na mkono umeshazoea. Kwa mwanafunzi sikubali. Aanze na ncha za ubao, zile zinazokata nyuzi, kisha amalizie pande ndefu. Kile kilichong'oka kwenye pembe kitaondoka humohumo.

Dada Randa
Na apunguze tamaa ya kina! Milimita 3 kwa pasi, hasa mbao ngumu. Visu vipana vya urembo visipewe mwendo wa visu vyembamba. Kuanzia milimita 50 punguza hadi kama mizunguko 12,000 kwa dakika, tena uvifunge kwenye ruta ya mezani. Ukiona ubao unaungua, ama kisu ni butu ama unakwenda polepole mno. Mafundi wengine wanalaumu mbao.

Kipande cha Mtiki
Natengeneza vibao vya namba za milango, vidogo kama kiganja. Klampu ikikaa, ruta haina pa kupita.

Fundi wa Ngong Road
Usikate kwanza, ndugu. Chora namba zote kwenye ubao mrefu uliobanwa ncha zote mbili, piga ruta, ndipo utenganishe kwa msumeno. Kama vimeshakatwa, vizungushie vipande vya mbao vya unene uleule, uvipigie misumari kwenye plaiwudi, kibao kikae katikati kimebana. Ruta itapata pa kukanyagia na vidole vyako vitakuwa mbali.