Managu, sukuma na nyanya hapa Minnesota: kupanda mbegu nje, kuotesha ndani au kununua miche?

MamaKinangop
Hamjambo wadau. Niko Brooklyn Park, huu ni mwaka wangu wa pili na bustani, matuta mawili tu ya futi 4 kwa 8. Mwaka jana jua liliwaka vizuri wiki ya kwanza ya Mei nikatoa nyanya na managu zote nje, usiku mmoja jalidi (baridi kali ya kugandisha mimea) ikapiga, asubuhi nakuta majani yamelegea kama mboga iliyotumbukizwa kwa maji moto, kufika mchana ni meusi tititi. Niliumia sana. Sasa ni mwisho wa Machi na nataka kupanga mapema: ningoje nimwage mbegu nje, nioteshe ndani kuanzia saa hii, ama ninunue miche tu Mei? Nyinyi mnafanyaje?

MmaketeRochester
Pole sana dada. Sisi wa Makete tumekua na jalidi ya Juni na Julai kwa hiyo naelewa hayo majani meusi. Kwanza hiyo tarehe ya jalidi ya mwisho wanayotangaza ni wastani, kwa Minneapolis na Saint Paul ni kama mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei, lakini wastani maana yake karibu nusu ya miaka jalidi inakuja baada ya hapo! Na ukiwa nje ya mji au bondeni inachelewa zaidi, hewa baridi hutelemka ikatuama chini kama maji. Mimi nyanya, pilipili na mnavu (managu yenu) sitoi kabla ya Mei 20. Rudi nyuma wiki 8 unapata Machi 25, yaani otesha ndani sasa hivi. Ila dirisha peke yake halitoshi, miche inarefuka inakuwa myembamba kama uzi, funga taa ya LED inchi chache juu yake na uiwashe saa 14 hadi 16 kwa siku.

Lengalenga243
Mimi naona si mboga zote za kuotesha ndani. Lengalenga (mchicha) na kunde namwaga nje moja kwa moja mwisho wa Mei, udongo ukishafika digrii 60 za Fahrenheit, napima asubuhi na kipimajoto cha jikoni kwa kina cha inchi 2. Mwaka mmoja nilipanda kunde mapema udongo bado baridi, mbegu zikavimba zikaoza, nilipochimbua zilikuwa zinateleza kwa vidole. Lakini ukingoja joto, mama, lengalenga inakimbia ajabu sababu mwezi wa sita hapa kuna mwanga wa saa 15 na nusu, kwetu Bukavu ni saa 12 tu mwaka mzima.

MamaKinangop
Na sukuma je? Nayo ingoje Mei 20?

MmaketeRochester
Hapana kabisa, sukuma ni ngumu. Otesha sasa, mwisho wa Aprili itoe nje, ukiona usiku wa mawingu kuondoka na upepo kutulia ifunike tu. Na usiing'oe Oktoba jalidi ikianza, ndiyo kwanza inakuwa tamu maana mmea unajaza sukari kwenye majani kujikinga na baridi.

BabaMatuta
Naongeza kwa kununua. Nyanya nanunua, familia inahitaji miche 4 au 5 tu na taa za kuotesha zina gharama. Ila managu hutaipata dukani, hiyo lazima uoteshe mwenyewe. Na miche ya dukani ama ya nyumbani, usiitoe ghafla!! Izoeshe wiki nzima, siku ya kwanza saa moja kivulini, kesho yake mbili, usiku inarudi ndani. Shuka la kufunikia lifike chini mpaka ardhini, joto linalozuia jalidi linatoka kwa udongo, ukilifunga kwa shina kama mwavuli umefunika bure. Asubuhi liondoe.

MamaKinangop
Asanteni sana jamani, mmenifungua macho. Basi nimeamua hivi: sukuma na managu naotesha leo jioni kwa garaji, kuna joto na taa ninayo, nyanya nitanunua miche 4, kunde na terere (hiyo lengalenga yenu) nje mwisho wa Mei. Swali moja tu, terere ya mwisho nimwage lini?

Lengalenga243
Mwisho katikati ya Agosti. Hesabu kutoka jalidi ya kwanza, mwanzo wa Oktoba au hata mwisho wa Septemba, rudi nyuma wiki 5 za majani kukua halafu ongeza wiki moja au mbili, sababu Septemba mwanga unapungua na inakua polepole.