Seva ya ofisini au wingu kwa duka la agroveti?

AgroKibuye: Habari zenu wadau. Nina agroveti hapa Kisumu na tawi Ahero. Stoku na madeni ya wakulima yote yako kwenye kompyuta ya kaunta. Mwezi huu lazima niamue: ninunue seva ya ofisini, yaani kompyuta kuu ya kutunza data, au nilipie wingu? Ipi bora?

FundiKondele: Bora kwa kazi gani? Kompyuta ngapi? Programu ipi? Intaneti ya Ahero ni faiba au laini ya simu? Bajeti? Hujataja hata kimoja.

Mwalimu_Naks: Akisubiriwa ajibu, wingu ni kompyuta halisi ndani ya jengo lenye stima ya akiba na mitambo ya kupoza. Unazikodi kupitia intaneti, unalipia ulichotumia. Amazon ilianza kuzikodisha hivyo 2006. Ngazi ni tatu. Ya chini unakodi mashine tupu, kuitunza ni juu yako. Ya kati unapewa jukwaa, unaleta programu yako. Ya juu programu iko tayari, unaingia kwa nywila tu, kama Gmail. Mwenye duka achukue ya juu. Asiuziwe mashine tupu halafu akose wa kuitunza.

Shem_Kakamega: Nenda wingu, ndugu yangu. Huku kwetu radi si mchezo. Ofisi niliyokuwa nikifanya kazi iliweka seva chini ya meza ya mhasibu. Mvua ya saa kumi jioni ikaja, radi ikapiga nguzo ya stima nje, UPS, ile betri ya akiba, ikalia mara moja ikanyamaza. Diski ya bakapu, yaani ya nakala ya data, ilikuwa imechomekwa nyuma ya seva hiyohiyo usiku na mchana, vikafa pamoja. Fundi alipofungua, plastiki ilinuka na bodi ilikuwa na doa jeusi. Madeni tukayaandika upya kutoka kwa risiti za kaboni. Ambao risiti zao hazikupatikana wakasema walishalipa. Utawajibu nini?

FundiKondele: Radi haiwezi kuua diski iliyolala nyumbani kwako. Hapo mpangilio ndio uliokosewa, seva haina hatia. Na Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, intaneti Afrika Mashariki ilisuasua. Mwenye seva ndani aliendelea kuuza.

Mwalimu_Naks: Zipo programu za wingu zinazouza hata mtandao ukipotea, kisha zinapeleka rekodi laini ikirudi. Aulizie hilo kabla ya bei.

Nyar_Ahero: Bei nayo msiipuuze. Nyingi hutozwa kwa dola, shilingi ikishuka bili inapanda na wateja ni walewale. Tena kwa ngazi ya chini, kuingiza data mara nyingi ni bure, kuitoa kwa wingi ndiko kunalipiwa.

Wakili_Milimani: Majina na madeni ya wakulima yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, yawe winguni au chini ya meza. Yakivuja na kuhatarisha wenyewe, una saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data. Uliza pia yatahifadhiwa nchi gani. Amazon wana vituo Cape Town, Google Johannesburg.

FundiKondele: Cape Town ni mbali, itakuwa pole pole.

Mwalimu_Naks: Kwa hesabu ya mifuko ya mbolea hatahisi.

AgroKibuye: Asanteni sana. Kompyuta ni tatu, Ahero tuna ruta ya laini ya simu. Programu sijachagua.

FundiKondele: Basi chagua programu kwanza, kaka!

Nyar_Ahero: Na stima ikipotea Ahero, ruta utaiwasha na nini?

AgroKibuye: Nafikiria sola, hata kwa friji ya chanjo za kuku.

Shem_Kakamega: Chukua betri ya lithiamu, achana na zile za asidi.

FundiKondele: Asidi ikitunzwa inadumu, na ni nafuu. Friji yenyewe ni ya wati ngapi?