Neno ulilolijua kwa kusoma tu, siku ya kulitamka ikawa shida: tupeane uzoefu

Wakuu habari zenu. Jana mwanangu kaniuliza neno fulani la Kiingereza linatamkwaje, nikakumbuka mbali. Naingia form one nimesoma kwa Kiswahili miaka saba, na Kiswahili unachokiona ndo unachokitamka, sasa nikasimamishwa kusoma kwa sauti nikakutana na "choir", nikasoma choiri. Darasa zima likacheka. Ticha akasema kwaya. Kwaya! Mimi kanisani naimba kwaya tangu mdogo, sauti ya pili, kila Jumamosi mazoezi, ila hakuna aliyewahi kuniambia kilichoandikwa hapa ndo kile ninachokiimba. Sikunyoosha mkono tena mpaka form three na maswali nilikuwa nayo, inaniuma hadi leo. Wewe lilikukuta neno gani?

*

Pole mkuu. Mimi Leicester. Redioni nasikia Lesta, gazetini naisoma herufi zote, nikajua timu mbili. 2016 walipobeba ligi kuu Uingereza nikabishana sana kijiweni, braza mmoja akanivuta pembeni akanielekeza taratibu, hakunitangaza. Namheshimu mpaka kesho.

*

Mie "receipt". Niko dukani nikamwambia mteja mgeni risepti, akabaki ananiangalia. Kumbe risiti yetu ya kila siku ndo matamshi yenyewe! Nilikuja kusoma baadae kwamba hiyo p waliichomeka zamani ili neno lifanane na la Kilatini, haitamkwi, sawa na b ya "debt".

*

Dada umenifungua macho. Risiti, kwaya, waliotuletea haya maneno waliyachukua kwa masikio sio kwa macho, kwa hiyo mtoto wa form one matamshi anayo tayari nyumbani, anachokosa ni mtu wa kumuonyesha. Walimu wetu wangeanzia hapo.

*

Jambo wote, niko Lubumbashi. Yangu ni ya Kiswahili chenyewe maana cha mtaani kwetu ni kingine, hiki sanifu nimekipata vitabuni. Nimefika Dar kufuata mzigo, mama ntilie kaniuliza kama chakula kiko sawa nikajibu "sawa barabara" nikakaza ba ya pili, kama barabara ya magari. Akasema, "Mwanangu, hapo kaza ra ya kwanza, baRAbara." Maandishi ni yale yale, kitabu hakikuonyeshi. Akaacha kupakua, tukarudia pamoja mara tatu mpaka ikakaa.