Nyumba mpya iliyobanana katika mtaa wa zamani: tukague nini kabla ya kulipa?

Mtafutanyumba
Ndugu zangu, tumepata nyumba ndogo iliyokamilika hivi karibuni katika mtaa uliojengeka miaka mingi. Mwenye kiwanja aliibomoa nyumba yake ya zamani, akakigawa kiwanja vipande viwili, na hii tunayoitaka iko nyuma, kiasi kwamba gari hupita ubavuni mwa nyumba ya mbele. Mume wangu ameipenda kwa kuwa haidai ukarabati. Mimi nasita, kwani kwa bei hiyohiyo kuna nyumba ya zamani jirani yake yenye nafasi kubwa zaidi, ingawa paa linavuja. Je, ni mambo gani ambayo mnunuzi hayaoni katika nyumba ya namna hii, na je, udogo wake utatushinda watoto wakikua?

Fundi Msingi
Dada, kilicho kipya hapo ni kile kilicho juu ya ardhi. Udongo, mizizi ya miti na mara nyingi bomba la majitaka ni vya zamani. Uliza kwanza msingi wa nyumba iliyobomolewa uliishia wapi: uling'olewa wote, au shimo lilijazwa kifusi na zege likamwagwa juu yake? Kifusi kisichoshindiliwa tabaka kwa tabaka huendelea kushuka kwa miaka, na nyumba ikikaa nusu juu ya kifusi na nusu juu ya udongo wa asili, upande mmoja hushuka kuliko mwingine. Dalili yake ni nyufa za mshazari zinazoanzia kwenye pembe za milango na madirisha. Nyufa nyembamba zilizotapakaa juu ya plasta zisikutishe, kwani kwa kawaida hizo hutokana na plasta kukauka.

Kisha fungua chemba ya majitaka, yaani shimo lenye mfuniko la kukagulia bomba. Mabomba ya zamani ya udongo wa kuchoma yaliungwa kwa vipande vifupi, na mizizi hupenya kwenye maungio. Mtu afungulie maji jikoni na bafuni kwa pamoja, nawe usimame penye chemba utazame kama yanapita upesi au yanatuama. Ukiona vijizizi vimechungulia ndani, dai bomba likaguliwe kwa kamera kabla ya kutia saini. Mwisho, nenda huko mvua inaponyesha. Ardhi inayoizunguka nyumba inapaswa kuteremka kutoka ukutani, takriban sentimita 15 katika mita 3 za mwanzo, na kipande cha nyuma kikiwa bondeni hupokea maji ya kila mtu.

Bibi Pembeni
Fundi amesema kweli, lakini mizani iwe sawa: nyumba ile ya zamani nayo imekaa juu ya udongo uleule, ina mabomba yaleyale, na juu ya hayo ina paa linalovuja. Linganisheni gharama zote mbili, siyo bei ya kununulia peke yake.

Kuhusu udogo, msiamini macho, maana chumba kitupu humdanganya mtu, na chenye samani chache zilizochaguliwa kwa ajili ya wageni hudanganya zaidi. Nendeni na utepe wa kupimia. Kitanda cha mita 1.5 kwa 2 kikiachiwa sentimita 60 kila ubavu kinataka chumba chenye upana wa mita 2.7, na hapo kabati halijaingia. Ulizeni pia ufagio, masanduku na baiskeli za watoto vitakaa wapi. Mimi naishi vizuri katika nyumba finyu kwa sababu ina madirisha pande mbili zinazotazamana na makabati yanayofika darini. Ile niliyoihama ilikuwa kubwa kidogo kuliko hii, lakini korido na ngazi ziliila.

Mpimaji
Hiyo njia ya ubavuni ndiyo ingeninyima mimi usingizi. Je, ni sehemu ya kiwanja chenu, au mnapewa haki ya kupita tu? Ikiwa ni haki ya kupita, iandikwe kwenye hati, pamoja na nani ataitengeneza, kwa sababu maelewano ya mdomo hayambani mtu atakayeinunua nyumba ya mbele kesho. Hakikisheni kwamba ugawaji umesajiliwa, vigingi vya mipaka vinaonekana na cheti cha kukamilika kwa ujenzi kipo. Ulizeni vilevile jirani anaruhusiwa kujenga hadi wapi, kwani dirisha lenu la sebuleni huenda likaja kutazama ukuta.

Mtafutanyumba
Nawashukuru sana. Tumerudi leo na utepe. Vyumba vinatosha, ila chumba cha watoto kitahitaji kitanda cha ghorofa. Chemba hatukuiona kabisa. Muuzaji anasema iko chini ya matofali ya njia, upande wa nyumba ya mbele.

Mpimaji
Basi bomba lenu linapita kwenye ardhi ya mwenzenu. Hati itaje haki ya bomba hilo na haki ya kuingia kulitengeneza, na muuzaji aifukue chemba kwa gharama yake ili fundi aione. Akikataa, chukueni muda kuikagua vizuri ile yenye paa linalovuja.