Je, kutojithamini ndiko kunakomfanya kijana asijali faragha mitandaoni?

Shangazi wa Mkomani:
Assalamu alaikum. Naomba rai zenu kuhusu binti wa kaka yangu, msichana wa miaka 17 hapa Lamu. Hatoki nje bila buibui, lakini akaunti yake ya Instagram iko wazi kwa ulimwengu mzima, na majuzi ameweka picha za sherehe ya harusi ya wanawake peke yao, ambako wenye shughuli walikuwa wamekataza simu tangu mlangoni. Nilipomwuliza, alisema kwamba picha isipopendwa na watu hujiona si kitu. Je, chanzo ni kutojithamini, au ni ujana tu?

Mwalimu wa Langoni:
Wa alaikum salaam, Bi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walichapisha uchunguzi kuhusu wanafunzi wanaotumia Facebook, wakaonyesha kwamba kutoa habari nyingi kulitokana zaidi na haja ya kupendwa na wengi, ilhali kujithamini na kuwaamini watu kulihusiana na jinsi mtu anavyodhibiti nani azione habari hizo. Maneno ya binti yako yanaelekea kwenye haja hiyo ya kwanza. Kwa hiyo kumfundisha kubonyeza kitufe cha kufunga akaunti hakutoshi, kwa kuwa anajua kilipo. Anachokiogopa ni kukosa watazamaji.

Mama Malindi:
Naafikiana na Mwalimu, ila tusidhani kwamba kila asiyejithamini hujianika. Wapo wanaojificha kabisa, na wapo wanaoona mtandaoni ndiko mahali salama pa kulia shida zao. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba maandishi yao ya huzuni huwafanya wasomaji wasivutiwe nao, wakakosa kile walichokitafuta. Lakini dada yangu, mimi linalonikera zaidi ni wale wanawake wengine waliomo pichani, vichwa wazi, ambao hawakuombwa ruhusa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na haki yao haipungui kwa sababu mpigapicha ana upweke.

Shangazi wa Mkomani:
Ahsanteni sana. Leo nitamtaka aziondoe picha zenye sura za wenzake, bila mjadala. Kuhusu zake mwenyewe nitazungumza naye taratibu, nikianza na swali la ni nani hasa anayetamani amwone.