Shindano la hatua kazini: wanaoshinda ni wale wale, wengine wamekata tamaa

Karani_Mishahara
Habari zenu wakuu. Nimekabidhiwa kusimamia shindano la mazoezi ofisini. Kila mtu anahesabu hatua kwa simu, na kila Ijumaa naweka msimamo kwenye kundi la WhatsApp. Walio juu ni wale ambao hata kabla ya shindano walikuwa wanakimbia alfajiri. Wenzetu wa kupokea simu, wanaokaa kitako tangu waingie hadi watoke, wameacha kutuma hesabu. Mmoja aliniita pembeni: "Jina langu liko mkiani kila wiki, nimechoka." Imeniuma sana, maana hao ndio niliowalenga. Mzunguko ujao nataka na familia zao ziingie. Nipangeje? Na lazima iwe hatua 10,000?

Muuguzi_Kazini
Si lazima. Hiyo 10,000 ilienezwa na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, haikutoka kwenye utafiti. Mwaka 2019 I-Min Lee na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake wazee Marekani: waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700 hivi, na tofauti ikaacha kuongezeka kwenye 7,500. Hao ni wazee, usimpimie kijana kwa kipimo hicho. Ila utaona kwamba anayetoka kwenye kukaa tu ndiye mwenye mengi ya kupata.

Mimi ningeachana na hatua kabisa, nihesabu dakika. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na tangu mwongozo wa 2020 hata vipindi vifupi vinahesabika. Kwa dakika, anayeogelea, anayeendesha baiskeli na anayetumia kiti cha magurudumu wote wanaingia. Kisha weka ukomo: dakika 30 tu kwa siku ndizo zenye alama. Mkimbiaji akikimbia saa nzima ni faida ya mwili wake, lakini hamwachi mwenzake mbali. Tangaza wastani wa timu, majina ya watu yasionekane.

Baba_Pacha
Naunga mkono, na naongeza: mizani isiingie kabisa. Kazini kwetu waliwahi kupima uzito mbele ya watu, wanawake kadhaa wakajitoa siku ile ile. Zawadi nayo iwe ndogo. Ikiwa kubwa, watu wanatikisa simu wamekaa.

Karani_Mishahara
Asanteni sana. Ukomo wa dakika sikuwahi kuufikiria. Na watoto je? Wengine hapa hawana watoto, sitaki waone wametengwa.

Muuguzi_Kazini
Dada, usiseme "familia", sema "mtu wako": mtoto, mama mzazi, jirani, yeyote. Kila mfanyakazi achague mmoja, na dakika walizofanya pamoja zihesabiwe mara mbili. Mwenye watoto awaachie wao kazi ya kuandika hesabu ukutani, hawasahau hao! Wenyewe wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku, kwa hiyo watakuwa wanawavuta wazazi nje.

Halafu zungumza na msimamizi wa wale wa simu. Bila ruhusa ya kusimama katikati ya zamu, utakuwa umewaongezea kazi ya jioni tu.

Karani_Mishahara
Hilo la zamu nitalipeleka kwake Jumatatu, kabla sijatangaza chochote.