Nimekodi Noah nzima kwenda Butiama, dereva kaigeuza daladala

Wakuu, nina hasira hadi sasa.

Jumamosi tulikwenda Butiama, nyumbani kwa Mwalimu Nyerere. Mimi, mama watoto, watoto wawili na mzee wangu. Mwenye safari alikuwa mzee. Mwalimu alipozikwa pale Oktoba 1999 mzee hakuwa na nauli, akaishia kusikiliza mazishi kwenye redio ya jirani. Tangu hapo, kila Oktoba 14 ni swali lile lile: "Mtanipeleka lini?"

Nikapata Noah hapa Mwanza kupitia dalali. Elfu 320 kwenda na kurudi, mafuta juu yao, kuondoka saa 12 asubuhi. Nikatanguliza elfu 250 (ujinga wangu, najua).

Gari limekuja saa 3 kasoro. Nikanyamaza. Kisesa anasimama, anapakia mama na madumu yake. Magu, wawili tena. Namuuliza, "Kaka, gari si nimekodi mimi?" Ananijibu, "Bosi, siti zipo wazi, tusaidiane." Tusaidiane! Nauli mfukoni kwake, mtoto nampakata mimi. Lamadi akashuka kula sato, dakika 50. Bunda akazunguka mitaani kutafuta nyumba ya kushusha madumu.

Butiama tumeingia saa 8 na nusu, naye anatangaza kwamba saa 9 na robo anageuza, hataki kuendesha usiku. Nilitaka wanangu waone kwa macho yao pale alipokuja kulima rais aliyeachia madaraka mwenyewe mwaka 1985. Makumbusho tumeyapita mbio mbio kama tunakimbizwa. Kule Mwitongo mzee akavua kofia, akasimama mbele ya kaburi, akaanza kunong'ona mambo yake. Hajamaliza, honi nje. Honi, kwa mzee wa miaka 78! Akavaa kofia yake, akaniambia, "Twende baba, tusije tukaachwa." Hakusema neno jingine mpaka Magu.

Jana dalali kanipigia, anadai elfu 70 iliyobaki. Nimemwambia akachukue kwa mama wa madumu.

Mkataba hatukuandikishana, ila meseji za makubaliano na muamala ninazo. Aliyewahi kudai hela yake kwa watu wa aina hii anielekeze: nianzie serikali ya mtaa au niende polisi moja kwa moja?